Fedha ya Chakula Si Chakula

(Maneno yaliyosemwa na katibu wa vijana wa Chama mbele ya mkutano mkuu wa tawi, wakiwapo wanachuo wa vyuo vya jirani)



Wako wanachama waliotarajia kwamba leo tutasema habari za uchaguzi wa tawi, au habari za kadi zisizolipiwa ada. Habari hizo zipo, na mweka hazina atazisema mwenyewe kwa ukali wake tuuzoeao. Sisi tumepewa jambo jingine, nalo ni chakula. Twataka kusema juu ya mwanachuo aingiaye darasani na tumbo tupu, na twataka tawi hili liamue leo, kabla jua halijatua, kama litampikia katika majuma matatu ya kwanza ya mwaka wa masomo au halitampikia.

Tunajua kwamba wako watakaocheka. Watasema, ati Chama kimekosa la kufanya, sasa kinakaa kikao cha ugali na maharage. Basi na wakumbuke Chuo Kikuu cha nchi hii kilizaliwa wapi. Tarehe 25 Oktoba 1961, majuma sita hivi kabla ya Uhuru, chuo kile kilifunguliwa ndani ya jengo la TANU, katika mtaa tuuitao leo Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi kumi na watano. Hakikuwa na mlima wala bustani wala maktaba ya ghorofa. Mlimani kilihamia mwaka 1964. Watu waliotoa nyumba yao ili vijana wapate pa kusomea hawakuona haya kujadili viti na meza. Kwa nini sisi tuone haya kujadili sufuria?

Tena yuko Mwalimu Nyerere mwenyewe. Mwaka 1964, alipokuwa akiwaeleza Wabunge Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano, alitoa mfano ambao kila kijana aliyepita shule ameusikia. Alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichosalia katika kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Na mtu huyo akila kisha asirudi, huyo ni msaliti. Sisi tumeusikia mfano huu katika mahafali, katika semina, katika hotuba za viongozi wa kila cheo. Na kila mara nusu yake ya mwisho ndiyo ipigiwayo kelele: rudi, usisaliti, kumbuka kijiji. Nusu yake ya kwanza hupitwa upesi kama kwamba haimo. Katika mfano ule kijiji kilimlisha kwanza. Hakuna aliyemwambia yule mtu aondoke na njaa yake, avuke pori, kisha alaumiwe kwa kuanguka njiani. Sisi leo twamdai kijana nusu ya pili na hali nusu ya kwanza hatujaitimiza.

Yafaa tueleze jinsi tulivyofika hapa, maana vijana wengi hudhani mambo yalikuwa hivi tangu zamani. Katika miaka ya kwanza ya Uhuru mwanachuo alilishwa. Alikwenda bwaloni saa ya chakula, akaketi, akala, akarudi kwenye vitabu vyake. Hakuulizwa fedha. Wazee wetu wengine hawana kumbukumbu nzuri ya wanachuo wale, na wanayo sababu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanachuo waliandamana Dar es Salaam kuipinga sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa, na mmoja wa ugomvi wao ulikuwa juu ya mishahara watakayokatwa wakiwa jeshini. Nyerere akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400, naye akajikata mshahara wake mwenyewe asilimia 20. Wazee wanaotuambia kwamba wasomi ni watu wa kudeka, wanaisema siku ile. Sisi hatubishi nao juu ya siku ile. Ila twawaomba wasiwapime vijana wa leo kwa kibaba cha mwaka 1966. Wale walikuwa wachache, walikuwa na bwalo, na kazi ilikuwa ikiwangoja. Kijana wa leo hana bwalo la bure, wenzake ni maelfu kwa maelfu, na kazi haimngoji popote.

Mambo yaligeuka katika miaka ya 1990. Serikali za nchi zetu zilikuwa na madeni, na wakopeshaji wa nje walishika kalamu. Likaja neno la kuchangia gharama. Kenya mwaka 1991 posho ya wanafunzi wa vyuo vikuu iliondolewa na ukaletwa utaratibu wa lipa ndipo ule. Ghasia zikatokea na vyuo vikafungwa. Kwetu Tanzania mabwalo yakaacha kuwa mabwalo, yakawa migahawa ya wakandarasi. Kisha ikaja Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ikaanza kazi mwaka 2005. Bodi hii ndiyo ikopeshayo fedha ya chakula na malazi, ile ambayo vijana huiita boom. Katika mwaka wa masomo 2022/23 kiwango chake kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku.

Hatusemi kwamba Bodi haikufanya kitu. Bila ya mikopo ile wako watoto wa wakulima wengi ambao wasingeonja mlango wa chuo kikuu, na sisi si watu wa kukana jambo la kweli kwa kuwa halitupendezi. Tunalosema ni hili: chakula kiligeuzwa kikawa fedha, na fedha ya chakula si chakula.

Hebu tufanye hesabu ya wazi. Shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku 60, ni shilingi 600,000. Huja kwa mkupuo. Kijana aliyekulia katika nyumba ambayo hakupata kuona laki sita zimekaa pamoja, siku hiyo anazo mkononi, na jina lililoandikwa juu yake ni chakula na malazi. Siku hiyo hiyo mwenye chumba anabisha mlango, maana hosteli ya chuo haikumtosha na amepanga mtaani. Anataka kodi ya miezi mitatu, mara nyingine sita. Kisha ipo nauli ya daladala. Ipo karatasi ya kutoa nakala za masomo, maana mwalimu asema soma kitabu fulani, na kitabu chenyewe ni kimoja katika maktaba. Halafu simu yalia kutoka nyumbani: mdogo wako amefukuzwa shule kwa kukosa sare, bibi anaumwa. Kijana aliyelelewa vizuri atafanya nini? Atatuma. Tungemwona mtu wa ajabu asingetuma. Basi majuma matatu hayajapita, laki sita zimekwisha, na siku 60 bado hazijafika nusu.

Hapo ndipo vijana wanapocheza mchezo wauitao pasi ndefu. Wazee msioujua, sikilizeni. Pasi ndefu ni kula mara moja, saa kumi hivi ya alasiri, ili mlo huo mmoja urukie chakula cha mchana na cha usiku pamoja. Asubuhi maji. Mchana darasani, au amelala bwenini asisikie harufu ya wengine. Saa kumi sahani ya wali maharage kwa mama lishe, kisha mpaka kesho saa kumi. Vijana wameupa jina la mpira kwa sababu wana ucheshi, na ucheshi huo umetudanganya sisi watu wazima tukadhani ni mchezo kweli.

Na hao ni wale wenye mkopo. Wako wasiopata mkopo kabisa. Wako waliopangiwa mkopo lakini majina yao yametoka katika awamu ya pili au ya tatu, na wengine hawajakamilisha usajili, na bila ya usajili fedha hailipwi. Chuo kimefunguliwa, masomo yameanza, mwalimu yuko ukurasa wa arobaini, na kijana yuko katika foleni ya dirisha la ofisi akiwa na shilingi alizopewa na mjomba kituo cha basi. Majuma haya ya kwanza ndiyo mabaya kuliko yote, nasi ndiyo tunayoyalenga.

Sisi tunaosema haya tulisoma katika chuo cha ualimu. Jina lake tuliache. Chakula chake kilikuwa kibaya, tuseme kweli. Maharage yalikuwa na wadudu, na mwaka wetu wa pili tuliandika barua juu ya wadudu hao, wala hatukujibiwa. Ugali ulikuja mezani umepoa. Mpishi alikuwa na desturi ya kuweka chumvi siku moja na kuisahau siku mbili. Lakini saa saba ilipopiga, kengele ililia, na kila mmoja wetu, mtoto wa karani na mtoto wa mkulima, alishika sahani akala kile kile. Hatukumbuki mwenzetu hata mmoja aliyekosa kipindi cha alasiri kwa njaa. Tulikosa kwa uvivu, kwa homa, kwa mechi. Kwa njaa hapana. Wakati ule ule tulikuwa na wenzetu tuliomaliza nao kidato cha sita, wenye alama nzuri kuliko zetu, walioingia chuo kikuu na kupewa fedha mkononi. Tulipowatembelea siku za likizo fupi, wao ndio waliotuuliza kama tumekuja na chochote. Jambo hili lilitushangaza, na mpaka leo ndilo linalotufanya tusimame hapa. Sisi wa alama ndogo tulikuwa tumeshiba maharage yenye wadudu, na wao wa alama kubwa walikuwa na laki sita za wiki iliyopita.

Tulipokwenda mazoezi ya kufundisha ndipo nasi tulipoionja. Ukishatoka chuoni kwenda shule ya mbali, bwalo unaliacha nyuma, na posho ya mazoezi huja ikipenda. Mwalimu mwanafunzi asimama mbele ya watoto 70, nusu yao hawakula, naye hakula. Anafundisha sehemu za kumi. Anaandika ubaoni, anageuka, amesahau alikuwa anasema nini.

Kusahau huko kuna elimu yake. Mwaka 1944 na 1945, vita vya Dunia vilipokuwa vikikaribia mwisho, daktari mmoja wa Marekani, Ancel Keys, aliwachukua vijana 36 waliojitolea, wote wazima wa afya, akawaweka katika Chuo Kikuu cha Minnesota ili ajue njaa yamfanyia nini mtu, maana Ulaya ilikuwa imejaa wenye njaa na haikujulikana vema jinsi ya kuwaponya. Kwa majuma 24 aliwapa karibu nusu ya chakula walichozoea: mkate, viazi, makaroni na mboga za mizizi. Wembamba wao haukumshangaza mtu. La kusikiliza ni hili. Walipopimwa akili kwa mitihani, akili ilikuwapo, haikupungua kwa kiasi cha kuonekana. Lakini wenyewe walisema hawawezi kukaza fikira. Walisoma vitabu vya mapishi. Waliota chakula. Wale waliokuwa wamejiandikisha kusoma masomo katika chuo kile, wengi wao waliyaacha.

Tafadhali liwekeni neno hili moyoni. Mwanachuo wetu hakukondeshwa kama wale 36, hatutaki kutia chumvi. Lakini njia ni ile ile. Njaa haimwibii kijana akili, humwibia fikira. Anaweza bado kujibu swali ukimwuliza. Hawezi kukaa na kitabu saa tatu. Ndiyo maana walimu wengi hawamjui mwenye njaa; wanamjua mtoro, wanamjua msinziaji, wanamjua mtu aliyefaulu vizuri kidato cha sita na sasa anarudia mtihani, wakasema amelewa uhuru wa chuoni. Wengine wamelewa, ndiyo. Lakini nani aliyewauliza walikula nini?

Wala si sisi maskini peke yetu. Marekani, nchi yenye ngano ya kutupa, ofisi ya ukaguzi ya Bunge lao ilitoa taarifa mwaka 2024 kwamba katika mwaka 2020 wanachuo 23 katika kila mia hawakuwa na hakika ya chakula, yaani watu milioni 3.8 hivi. Nchi ile ina msaada wa chakula kwa maskini, lakini mwanachuo huwekewa vikwazo: asiyefanya kazi ya saa 20 kwa juma, au asiye na udhuru mwingine uliotajwa katika sheria, hapewi. Fikirini. Ili apate nguvu ya kusoma, sharti kwanza atumie saa 20 za kusoma kufanya kazi ya dukani. Na hata katika wale walioelekea kustahili, zaidi ya nusu hawakuwa wakipokea. Wengine hawakujua. Wengine waliona haya.

Huko huko wamejaribu dawa mbili, na twawaomba mzipime. Mjini Houston wanachuo wa chuo kimoja cha jamii waliruhusiwa kuchukua vyakula vibichi katika ghala la msaada. Wengi walioruhusiwa hawakwenda, au walikwenda mara chache, na katika masomo haikuonekana tofauti ya maana. Mjini Boston, katika chuo cha Bunker Hill, wanachuo walipewa tiketi za kununulia mlo pale pale chuoni, na wenzao wasiopewa wakawekwa upande wa pili wapate kulinganishwa. Waliopewa walichukua na kumaliza masomo mengi kidogo kuliko wenzao. Tumesema kidogo. Hatuwaambii kwamba sahani ya maharage itamfundisha mtu hesabu. Lakini angalieni tofauti ya dawa hizi mbili. Ya kwanza ilimpa kijana kitu cha kwenda kukichukua, kukibeba, kukipika, na muda wa hayo yote hanao. Ya pili ilimpa chakula kilichopikwa, mahali anaposoma, saa anayosoma.

Wafaransa walilielewa jambo hili zamani. Tangu mwaka 1955 wanalo shirika la serikali liendeshalo migahawa ya wanachuo nchi nzima, na serikali hulipa sehemu ya bei. Mwaka 2020 wanafunzi wenye msaada wa masomo walipunguziwa mlo hadi euro moja, na Januari 2021, katika dhiki ya korona, bei hiyo wakapewa wanachuo wote. Hatusemi tuwaige Wafaransa, tumekwisha kuwaiga Wazungu vya kutosha. Twasema tu kwamba serikali kupika chakula cha wanachuo si ndoto ya wendawazimu.

Sasa tuwajibu wanaotupinga, maana wengine wamo humu na wametuambia kabla ya mkutano.

Wa kwanza anasema: sisi tulisoma na njaa, tukafaulu. Mzee wetu, twakuamini na twakuheshimu. Lakini wewe ndiwe uliyefaulu, ndiyo sababu upo hapa kusema. Yule mwenzako aliyekuwa akikaa dawati la pili na hakurudi baada ya likizo ya Aprili hakualikwa katika mkutano huu. Tukimsikiliza aliyevuka mto peke yake, tutadhani mto hauna mamba.

Wa pili anasema vijana wanatapanya: wananunua simu, wananunua nguo, wanakwenda disko. Wapo. Hatutawatetea. Ila fedha ya siku 60 ikitolewa kwa mkupuo hata mtu mzima mwenye mke na watoto huishiwa kabla ya siku zake. Waulizeni walimu wenye mishahara. Na mtu anayewalaumu watapanyaji angekuwa wa kwanza kutuunga mkono, maana maharage yaliyokwisha kupikwa hayawezi kununuliwa simu.

Wa tatu ndiye aliyetuumiza zaidi, kwa kuwa ni kijana mwenzetu. Anasema chakula cha Chama wale wenye kadi ya Chama. Ndugu, hapa hatutakubaliana hata tukilala humu. Mwanachuo atakayekuja na sahani asiulizwe kadi ya chama chochote. Aoneshe kitambulisho cha chuo, basi. Ukimlisha mtu ili akupigie kura, umemnunua kwa kilo robo ya unga, na bei hiyo ni aibu kwa mnunuzi kuliko kwa muuzwa. Kama jambo hili litageuzwa kampeni, sisi wenyewe tutakuwa wa kwanza kuipindua sufuria.

Wala asiandikwe katika orodha ya maskini ikabandikwa ukutani. Mwanachuo si ombaomba. Mwenye mkopo atakuja kulipa: kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 makato yalipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Kijana huyu anakula mshahara wake wa miaka kumi ijayo. Hali sadaka ya mtu. Kwa hiyo yeyote atakayesimama karibu na chungu kumhesabia matonge, aondolewe.

Basi hili ndilo tunalopendekeza. Tumezungumza na uongozi wa vyuo viwili vya jirani, na twakisia wanachuo 60 watahitaji mlo wa mchana katika majuma matatu ya kwanza. Ugali wa dona wa robo kilo ya unga kwa mtu ni kilo 15 kwa siku. Maharage makavu gramu 100 kwa mtu ni kilo 6. Kwa siku 21, Jumamosi na Jumapili zikiwamo maana njaa haina mapumziko, tunahitaji kilo 315 za mahindi na kilo 126 za maharage. Ndiyo kusema magunia matatu ya mahindi na kilo 15 juu yake, na gunia moja na robo hivi la maharage. Yaongezwe mafuta, vitunguu, chumvi na kuni. Tumechagua dona makusudi, maana haipotezi kitu mashineni. Wanaotaka sembe nyeupe wakale kwao. Na maharage hayaruki siku hata moja, kwa kuwa ugali peke yake hushibisha bila ya kujenga.

Mahali ni ua wa ofisi hii, dakika kumi kutoka madarasani. Saa ni saa saba. Wapishi ni mama lishe wawili wa sokoni, nao walipwe. Yuko aliyependekeza akina mama wa Chama wapike bure kwa moyo wa kujitolea, na tumeona walioafiki upesi wote ni wanaume. Mama lishe wakipika hapa wamefunga biashara zao huko. Wakipika bure, tumemlisha mtoto wa mtu kwa kumnyima wa mwingine. Wanachuo wataosha sahani zao, watachota maji na kupasua kuni kwa zamu. Zaidi ya hapo tusiwadai kazi katika majuma haya. Tunajua habari za Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 na mashamba ya shule, nasi tunaipenda. Lakini shamba huvunwa baada ya miezi, na chuo kinafunguliwa mwezi ujao.

Tutaweka daftari. Kila siku ataandikwa idadi ya waliokula, bila majina, na majaribio ya kwanza yakifika tutawauliza wakuu wa vyuo ni wangapi waliokosa kufanya mwaka huu na ni wangapi mwaka jana. Ikionekana hakuna tofauti, tutaleta habari hiyo hapa kama ilivyo. Ikionekana ipo, tutaipeleka kwa Mbunge na kwa Halmashauri tukiwa na daftari mkononi, tuwaulize kwa nini tawi la wakulima limeweza kwa magunia matano jambo ambalo wao hawajalianza. Na Bodi tutaiandikia ombi moja tu kwa sasa: sehemu ya fedha ya chakula, kwa mwanachuo atakayeridhia, ilipwe moja kwa moja kwa bwalo la chuo, siku ya kwanza ya masomo, isingoje foleni ya dirisha.

Ndugu Mwenyekiti, tumemaliza. Mzee mmoja wa kata ya juu, aliyekataa tusimtaje, amekwisha kutoa gunia moja la mahindi, nalo liko stoo tangu jana. Sufuria kubwa mbili tumeazimwa na msikiti, na miiko na kanisa. Daftari la michango liko mezani kwa mweka hazina, upande wa kushoto, lisichanganywe na lile la ada za kadi. Mahindi yamebaki magunia mawili na kilo 15. Maharage bado hayajapata mtu.